Profesa Edwards na Walezi Wadogo wa Oyugis

Mji wa Oyugis, ulioko katika kaunti ya Homa Bay, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu ikapanda hadi Kisii na kisha kuteremka kwenda Rongo, Awendo na Migori, unajulikana na wasafiri kwa soko lake, na kwa wakulima wa Rachuonyo ni mahali pa kuuzia mahindi, karanga na viazi vitamu. Lakini katika maktaba za vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya jina la Oyugis limehifadhiwa kwa sababu nyingine kabisa, ambayo aghalabu wenyeji wenyewe hawajaisikia, nayo ni kwamba watoto wa mahali hapo, waliokuwa katika umri wa kubeba na kuchunga wadogo zao mnamo mwisho wa miaka ya 1960, walisaidia kuisahihisha elimu inayoeleza jinsi mwanadamu anavyojifunza kumjali mwenziwe.

Miongoni mwa wanazuoni waliolitia jina hilo vitabuni yumo Carolyn Pope Edwards, profesa wa saikolojia aliyemalizia utumishi wake katika Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, akafariki dunia mwaka 2018. Nimeona inapasa habari zake zisimuliwe kwa Kiswahili, na wa kwanza kuzisoma wawe watu wa Homa Bay na Migori, kaunti mbili ambazo zama zile zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Maprofesa wenye vyeo vikubwa ni wengi duniani. Walio haba ni wale wanaoridhia kukaa chini na kufundishwa na mtoto wa mkulima aliyembeba ndugu yake mgongoni, kisha wakarudi kwa wakubwa wa elimu yao na kuwaambia bila ya kigugumizi kwamba jambo fulani lililoandikwa katika vitabu halikutimia.

Saikolojia, ndiyo elimu ya nafsi, huchunguza mwenendo wa mwanadamu na yale yapitayo moyoni na akilini mwake: namna anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyopenda na anavyoghadhibika, na namna kitoto kichanga kisichojua ila njaa na usingizi kinavyokua hata kikawa mtu mwenye dhamiri na haya. Ni elimu changa kwa kuilinganisha na hesabu au falaki, kwa maana maabara yake mashuhuri ya kwanza ilifunguliwa na Wilhelm Wundt mjini Leipzig mwaka 1879. Kwa muda mrefu ilikuwa na ila moja kubwa, ambayo wanasaikolojia wenyewe hawakuiona kwa kuwa walikuwa wakiishi ndani yake: mtoto aliyechunguzwa alikuwa karibu siku zote mtoto wa mji wa Ulaya au wa Marekani, aliyelelewa na mama mmoja katika nyumba moja, na yaliyodhihiri kwake yakaandikwa kana kwamba ndiyo tabia ya kila mtoto aliyeko chini ya jua.

Waliojitokeza kuiondoa ila hiyo walikuwa mtu na mkewe, John Whiting na Beatrice Whiting wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambao katika miaka ya 1950 walituma wanafunzi na wenzao katika jamii sita zilizo mbalimbali, yaani Meksiko, Ufilipino, Okinawa, India, kaskazini-mashariki ya Marekani, na Kenya, wakae na watu, wajifunze desturi zao, na kuandika kwa utaratibu mmoja yale watoto wayatendayo. Waliokuja Kenya, Robert LeVine na mkewe Barbara, walikaa Nyansongo, katika vilima vya Wagusii vinavyopakana na Oyugis. Natija ya kazi hiyo, iliyokamilishwa katika kitabu cha mwaka 1975, ilikuwa ya kutazamisha: watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa wale waliozidi kutoa msaada, kulea na kushika wajibu, ilhali watoto wa ule mji wa Marekani walizidi kutaka kuangaliwa na kusaidiwa wao. Sababu iliyotajwa haikuwa damu wala rangi, bali ni kazi, kwa kuwa pale ambapo mama ana shamba la kulima, maji ya kuchota na watoto wengi wa kulisha, mtoto hupewa jukumu la kweli mapema, na nyumba huhitaji kwa hakika kile anachokifanya.

Katika mwaka 1966 Harvard ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzisha idara ya kuchunguza makuzi ya mtoto, ikasaidia utafiti katika sehemu nyingi za Kenya na kuwafundisha wanafunzi Wakenya kazi hiyo. Hapo ndipo Oyugis inapoingia katika hadithi yetu.

Aliyekwenda Oyugis katika miaka ya 1968 na 1969 hakuwa Edwards, bali mwanafunzi mwingine wa Harvard, Carol Ember, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanazuoni mashuhuri wa anthropolojia. Katika dala, yaani boma, ya Wajaluo wa zama hizo mgawanyo wa kazi ulikuwa dhahiri. Mvulana huchunga ng'ombe na mbuzi, na msichana hushika upande wa mama yake: huteka maji, huokota kuni, husaga nafaka, hukoka moto, hupika, na zaidi ya yote huwa japidi, yaani mlezi mdogo anayembeba mtoto wakati mama yuko kondeni. Lakini jamii ile aliyoichunguza Ember, kwa bahati ya uzazi tu, ilikuwa na wavulana wengi kuliko wasichana, na mama wengi hawakuwa na binti wa umri ufaao. Basi kwa dharura mama alimtwika mwanawe wa kiume zile kazi za kike, naye mvulana akazifanya, ijapokuwa wenziwe walikuwa nje na mifugo.

Nataka msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu ni nadra mchunguzi wa mambo ya wanadamu kupata jambo kama hili. Mtaalamu wa mimea akitaka kujua nguvu ya mbolea huitia katika kitalu kimoja na kuacha kingine, lakini hapana mtu mwenye insafu awezaye kuchukua watoto wa watu na kuwagawa mafungu mawili, hawa walelewe hivi na wale walelewe vile, ili aone watakavyokuwa. Huko Oyugis maisha yenyewe yalikuwa yamewagawa. Walikuwapo wavulana waliofanya kazi za kike kwa wingi, na wavulana wa kijiji kile kile, wa lugha ile ile na mila ile ile, ambao hawakuzifanya. Ember akawatazama wote, na wasichana pia, kwa muda mfupi mfupi uliorudiwa mara nyingi, kila tendo likiandikwa jinsi lilivyotendeka. Na jambo la maana kupita yote ni kwamba aliwatazama pia katika saa ambazo hawakuwa wakifanya kazi hizo, walipokuwa wakicheza au wakiwa wamekaa tu na wenzao.

Akaona kwamba wavulana waliozoea kazi za ndani ya nyumba, na hasa kulea watoto, walikuwa na ugomvi mchache kuliko wavulana wengine, hawakupenda sana kuwatawala wenzao, na walikuwa wepesi zaidi wa kusaidia. Tabia zao zilisimama katikati, baina ya zile za wavulana wengine na zile za wasichana. Kazi za kike za nje ya nyumba, kama vile kuteka maji na kuokota kuni, hazikuwa na athari kubwa kama hiyo. Makala yake yalichapishwa mwaka 1973, na tangu wakati huo yamekuwa yakitajwa kila panapojadiliwa suala la zamani la kwamba ukali wa mwanamume na upole wa mwanamke ni hulka aliyozaliwa nayo au ni tabia aliyofunzwa. Sidai kuwa vijana wachache wa kijiji kimoja wanaweza kulimaliza suala hilo peke yao. Lakini naamini kwamba mtu yeyote anayesema kijana wa kiume hakuumbiwa upole hana budi kwanza kueleza ni nini kilichowapata wavulana wale wa Oyugis.

Carolyn Edwards alikuwa mwanafunzi wa Beatrice Whiting, na kazi yao ya kwanza ya pamoja, iliyotoka mwaka ule ule wa 1973, ilihusu tofauti za mwenendo baina ya wavulana na wasichana katika jamii mbalimbali. Naye akaja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa na swali lililotoka kwa mwalimu mwingine wa Harvard, Lawrence Kohlberg, ambaye alikuwa amepanga fikira za wanadamu juu ya haki na uovu katika ngazi yenye daraja sita. Kohlberg alikuwa akimsimulia mtu kisa chenye utata, kwa mfano cha mume ambaye mkewe yu mahututi na dawa iko kwa mtu asiyetaka kuitoa ila kwa fedha nyingi, kisha akimwuliza kama mume huyo aibe au asiibe, na kwa nini. Na kwa jinsi mtu alivyotoa sababu, ndivyo alivyowekwa katika daraja yake. Watu wa vijijini, katika nchi nyingi, walikuwa wakipatikana daraja za chini kuliko wasomi wa mijini, na wako waliofanya haraka kufahamu kutokana na hayo kwamba mwanakijiji ana upungufu wa maadili.

Edwards aliwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na pamoja nao watu wazima ambao jamii zao zilikuwa zikiwaamini kuwa ni viongozi wa uadilifu, watu wa kusuluhisha magomvi na kuombwa shauri. Wazee hao wengi walitoa sababu za daraja ya tatu, ile inayotazama uhusiano mwema baina ya watu wanaojuana, na wanafunzi wakazidi kuelekea ya nne, ile inayotazama sheria na nidhamu ya dola nzima. Badala ya kuwashusha wazee, katika makala aliyoyatoa mwaka 1975 alisema kwamba kila namna ya fikira inafaa mahali pake: mtu anayeamua mambo kati ya jirani na jirani, ambao kesho watakutana kisimani na kesho kutwa matangani, huhitaji hekima ya mapatano, na mtu anayeishi chini ya maofisi, mahakama na kanuni zinazohusu watu asiowajua huhitaji kufikiri kwa mizani ya sheria. Kwa maneno mengine, ile ngazi ilikuwa imechongwa kwa vipimo vya aina moja ya jamii. Hili naliona kuwa tendo la ushujaa kwa mwanazuoni kijana kama yeye, maana Kohlberg alikuwa mtu mkubwa pale pale chuoni kwao.

Alipokwisha kupata shahada ya udaktari hapo Harvard, Edwards alifundisha katika Chuo cha Vassar, mjini Poughkeepsie katika jimbo la New York, baadaye katika vyuo vikuu vya Massachusetts na Kentucky, na mwisho Nebraska. Aliyachukua maandishi ya Ember, akayaweka mbele yake pamoja na maandishi juu ya watoto wadogo wa mji wa Poughkeepsie, na kutafuta ndani yake kitu kimoja mahsusi: nyakati ambapo mtoto mmoja humwambia mwenziwe lipi linafaa na lipi halifai. Kazi hiyo ikatoka mwaka 1987 ikiwa na majina ya miji hiyo miwili ubavu kwa ubavu, Oyugis na Poughkeepsie, na hadi leo nafurahi nikikumbuka kwamba kwa mara moja mji wa Nyanza Kusini haukutajwa kama mfano wa uhaba wa kitu fulani, bali kama shule.

Kwa maana aliyoyaona ni haya. Mtoto wa Oyugis mwenye miaka minane au kumi, aliyeachiwa wadogo zake uani, siku nzima anaamrisha, anakataza, anaonya na kuamua: huyu asimpige yule, kile ni cha fulani, mtoto anyweshwe uji, kuku wafukuzwe kwenye nafaka iliyoanikwa. Hatoi hotuba juu ya haki wala hatafuti hoja ndefu, na mtafiti anayekipima kipaji cha akili kwa wingi wa maneno angeweza kumpita asimwone. Lakini katika kazi hiyo analazimika kuijua kanuni hata aweze kuisimamia, kufahamu aliaye analia nini, na kutofautisha kosa la mtu mjuzi na kosa la asiyejua. Wasomi wa wakati huo walikuwa wakijadili jinsi adili inavyotoka kwa mzazi kumwingia mtoto. Edwards akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya adili hujengwa na watoto wenyewe, baina yao, katika mivutano midogo ya kila siku ambayo mtu mzima hata hageuki kuisikiliza. Katika makala mengine, ya mwaka uliotangulia, aliuita ustadi huu wa mtoto mlezi kuwa ni ustadi wa aina nyingine, usiopungua ule wa mtoto anayejua kujieleza mbele ya mwalimu.

Hayo yote yaliungana katika kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na Beatrice Whiting na kuchapishwa na Harvard mwaka 1988, kinachohusu watoto wa ulimwengu mbalimbali na jinsi mwenendo wao unavyofinyangwa. Humo Oyugis imo pamoja na Nyansongo, pamoja na Kokwet ya Wakipsigis, Ngecha ya Wakikuyu, Kisa ya Waluhya na Kariobangi ya Nairobi, na jamii nyingine za nje ya Kenya. Fikira kuu ya kitabu hicho yaweza kuelezwa kwa wepesi, ingawa kuithibitisha kulichukua miaka ishirini: mtu huwa kama wale anaoshinda nao. Si kwa njia ya kuiga tu, kama tunavyowaonya vijana juu ya marafiki wabaya, bali kwa kuwa kila namna ya mwenzi huchokoza namna yake ya tabia. Mtoto mchanga, popote duniani, huamsha huruma na ulezi hata kwa mtoto wa miaka mitatu. Mtoto wa rika moja huamsha mchezo, mashindano na ugomvi. Na mama huamsha kudeka na kuombaomba. Basi mzazi anapoamua mtoto wake ashinde wapi na ashinde na nani, huwa ameamua ni tabia zipi zipate mazoezi ya kila siku, hata kama hajatamka neno lolote la mafunzo.

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, katika Usenge ya Siaya, wanasaikolojia wengine walipata jambo linalokaribiana na ule ustadi wa aina nyingine aliouona Edwards kwa mtoto mlezi. Robert Sternberg na wenzake, miongoni mwao Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wenye miaka 12 hadi 15 kwa maarifa ya dawa za mitishamba ambazo watu wa hapo hutumia, wakaona katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 kwamba waliozijua zaidi dawa walielekea kupata alama chache katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Watafiti wa kundi hilo waliwauliza pia Wajaluo wenyewe wanamwita nani mwenye akili, wakajibiwa kwa mafungu manne, ambayo ni rieko, luoro, winjo na paro, na katika hayo manne ni rieko peke yake lililokaribiana na kile ambacho mtihani wa shule unakitafuta. Luoro, yaani heshima, winjo, yaani ufahamu wa kukabili matatizo ya maisha, na paro, yaani moyo wa kuanzisha jambo, havikuwa na karatasi ya mtihani.

Juu ya sehemu ya mwisho ya utumishi wa Profesa Edwards sitakaa sana, kwa kuwa imekwisha andikwa kwingine. Alipata umaarufu mkubwa zaidi kwa kuzitangaza shule za watoto wadogo za mji wa Reggio Emilia nchini Italia, zilizoongozwa na Loris Malaguzzi, katika kitabu alichokihariri na wenzake mwaka 1993. Na wengi wanaomjua kwa kitabu hicho hawajui kabisa habari za Kenya. Lakini hakuiacha Kenya. Mwaka 2004, baada ya kufariki mwalimu wake, kilitoka kitabu chao cha pamoja juu ya kijiji cha Ngecha, kinachoeleza jinsi shule, mshahara na mabadiliko ya nchi yalivyobadilisha kazi ya mama na kazi ya mtoto. Humo mtu anaweza kusoma jinsi shule ilivyomchukua mlezi mdogo kutoka kwa mama yake, na mama akabaki na mtoto mgongoni na jembe mkononi.

Mabadiliko hayo yamefika Nyanza Kusini kwa nguvu, hasa tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2003, na hapana mwenye akili timamu anayetaka msichana arudishwe kutoka darasani ili awe japidi. Yafaa pia kutofautisha mambo mawili yasichanganywe. Japidi wa Oyugis alilea akiwa chini ya jicho la mama aliyekuwa shambani, umbali wa sauti, na bibi akiwa nyumba ya pili. Mtoto aliyeachwa kuwa mkuu wa nyumba kwa sababu ukimwi umewachukua wazazi wake, kama ilivyotokea katika nyumba nyingi za Homa Bay na Migori, amebebeshwa ulezi bila ya mlezi, na maandishi ya Ember na Edwards hayampi mtu ruhusa ya kumsifu kwa ushujaa wake na kisha kumwacha hivyo hivyo.

Mahali panapobaki pa kulitumia funzo la Oyugis ni shule za chekechea, ambazo kwa Katiba ya 2010 ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Humo watoto hupangwa kwa umri, wa miaka minne peke yao na wa miaka mitano peke yao, wakashinda kutwa na marika tu, katika kundi lile lile ambalo utafiti ulioanzia huku kwetu ulionyesha kwamba huchokoza mashindano kuliko huruma. Mwalimu wa pembeni ya Rongo au ya Mbita ambaye kwa kukosa vyumba amewaweka wakubwa na wadogo katika banda moja, huona kwamba amepatwa na dhiki, na mkaguzi akija humwombea radhi. Lau angewatazama kwa subira ile ya watafiti wa Oyugis, dakika chache chache na kwa kurudia, akaandika ni nani anayemfunga mwenziwe vifungo, ni nani anayemgawia uji, na mdogo akianguka ni nani anayetangulia kumwinua, angekuwa na daftari la kumwonyesha mkaguzi huyo, na vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya, ambavyo havikuwapo zama za Ember, viko karibu kumsaidia kulisoma.